Kisichosonga Hakitumwi

Kingori wa Chaka akikuambia kwamba hakuna mtu aliyezika watu wengi kumshinda upande huu wa mlima, usimkatize. Hajawahi kushika sepetu wala kubeba jeneza. Kazi yake ni kusimamisha kamera moja juu ya miguu mitatu, kuiunganisha na laptopu iliyopasuka kona, na kuwaonyesha mazishi watoto wa marehemu walioko Amerika, Uingereza na kule Ghuba, ili nao walie wakati mmoja na sisi. Lakini yeye husema kama askofu. "Mwezi jana nimezika kumi na moja," atakuambia huku akikoroga chai.

Namjua vizuri kwa sababu kibanda chake na changu vinagawana ukuta mmoja wa mabati. Mimi nakodisha mahema na viti. Jina langu ni Benter, ila hapa wote wananiita Mama Griffins. Nilikuja Chaka miaka kumi na minne iliyopita nikimfuata mume wangu askari; yeye akahamishwa, mimi nikabaki na mahema. Palipo na hema langu, kamera ya Kingori haiko mbali. Tumezika pamoja, tumeozesha mabinti wa watu pamoja, na katika shughuli hizo zote sijamwona akimtazama mtu usoni. Yeye hutazama namba.

Acha nizieleze hizo namba, maana mimi nilielezwa mara mia bila kuuliza. Video, ati, ni picha nyingi zinazofuatana haraka. Ukizituma zote nzima nzima, bando linakata kabla mhubiri hajafika amina ya kwanza. Kwa hivyo kuna mtambo ndani ya laptopu ambao kazi yake ni kubana. Hutuma picha nzima mara moja, kisha huigawanya skrini kuwa viboksi vidogo vidogo, na kila mara hukiuliza kila kiboksi kama kimebadilika. Kilichobadilika kinatumwa. Ambacho hakijabadilika kinaachwa, na yule wa Amerika anaendelea kutazama kile cha zamani bila kujua. Baada ya sekunde mbili hivi picha nzima inatumwa tena ili kama kulikuwa na makosa, yafutike.

Hivyo ndivyo wafanyavyo watu wengine wenye akili zao. Kingori aliwaona ni wabadhirifu. Ile picha nzima ya kila sekunde mbili aliisogeza mpaka ikawa ya kila dakika. Halafu akauambia mtambo usihangaike na mabadiliko madogo. Kiboksi kikitingishika kidogo tu, hayo ni matakataka ya kamera, yatupwe. Siku alipogundua kwamba bando la siku moja linaweza kumaliza mazishi matatu, alikuja kwangu macho yamemtoka kama mtu aliyeokoka. Akanunua rangi ya kijani akaandika mlangoni kwake: KISICHOSONGA HAKITUMWI.

Matokeo yake tuliyaona. Kule Kiganjo mhubiri alishuka jukwaani akaenda kuketi, lakini kwa watu wa ng'ambo mkono wake ulibaki hewani nusu dakika ukiendelea kubariki. Mbuzi alipita nyuma ya kwaya, mkia ukabaki katikati ya kina mama wa sauti ya kwanza mpaka ubeti wa tatu. Mjane mmoja wa Mweiga alionekana ana vichwa viwili, kimoja kinalia na kingine kimetulia. Nilimuuliza Kingori kama hao wateja hawalalamiki. Akacheka. Na kwa kweli hawakuwa wakilalamika sana. Mtu aliyeshindwa kuja kumzika mama yake mzazi hana uso wa kulalamikia ubora wa picha.

Kwenye kona ya laptopu yake, chini, kuna namba mbili za data inayopita kila sekunde: moja ya kinachotoka na nyingine ya kinachoingia, kama kuna mtu wa upande wa pili anayeonekana kwa video. Kingori amezikariri kama sala. Kwaya ikicheza, elfu mbili na kuendelea. Mhubiri mpole, mia nane. Mtu aliyeketi tu anasikiliza, mia na hamsini, kwa sababu hata ukijikaza vipi, unapumua, unapepesa macho, unameza mate.

"Na jeneza?" nilimuuliza siku moja.

"Tisa."

"Mbona si sufuri?"

"Ni upepo, Mama Griffins. Upepo inasukuma maua kidogo. Lakini marehemu wote ni tisa. Tajiri tisa, maskini tisa."

Alisema hivyo kwa mapenzi, nami sikushangaa. Maiti ndiye mteja wake bora. Hasongi, hali bando, na hakuna siku atakayouliza mbona uso wake umekuwa na mraba.

Sasa Ngendo. Huyu ni binti anayeuza dawa za mifugo na mbegu katika duka moja Nyeri mjini, msichana mrefu, mwenye maneno machache, anayeweza kukuambia kilo za ng'ombe wako kwa kumtazama tu. Miaka mitatu iliyopita mchumba wake Theuri, kijana wa Mweiga, alipata karatasi akaenda Amerika kufanya kazi katika ghala kubwa la mizigo. Karatasi hizo zilikuwa za kuingia. Za kutoka na kurudi tena zilikuwa bado zinashughulikiwa, na zilishughulikiwa mpaka wazee wakachoka kungoja. Ikaamuliwa ngurario ifanywe hivyo hivyo, bwana arusi akiwa kwa televisheni.

Kwa wasiojua, ngurario ndiyo siku ambayo bwana arusi anakata bega la mbuzi, kiande, na akishakata, huyo ni mume mbele ya watu. Lakini kabla ya kisu kuna sharti jingine. Wanawake kadhaa wanafunikwa leso kutoka utosini mpaka vidoleni, wanapangwa mstari mmoja, na yeye anatakiwa amtoe mke wake. Akikosea anapigwa faini ya mbuzi na kuchekwa mpaka jioni. Mzee Mutahi, ndugu ya baba yake Ngendo na msemaji wa ukoo, alikubali mengine yote yabadilike ila hilo. Alisema kiande Theuri anaweza kukatiwa na kaka yake, lakini mke hachaguliwi na kaka.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe Ngendo alikuja kibandani kwa Kingori. Nilikuwa nje nashona kona ya hema, nikasikia yote.

"Kingori, niko na swali moja tu. Huyu mtu ataniona, ama ataona ukungu?"

"Atakuona mpaka kope."

"Nitakuwa nimefunikwa."

"Basi mpaka nyuzi ya leso."

Ngendo hakucheka. "Binamu zangu wananiambia nimpatie ishara. Ati nivae kiatu nyekundu, ati niinue kidole. Wote hufanya hivyo. Mimi nimekataa. Tumeongea kila jioni miaka tatu. Kama hawezi kunijua nikiwa nimesimama tu, afadhali nijue. Tata Njoki anasema hatanijua. Anasema mtu wa simu hujua uso peke yake."

Tata Njoki ni shangazi yake, mama wa miaka sitini na kitu ambaye hajawahi kuweka neno akiba.

"Hiyo niachie," Kingori akasema, akajipiga kifua. "Picha itafika safi."

Alipoondoka nilichungulia kupitia tundu la mabati. "Kingori, hiyo siku fungulia bando. Msichana anajali hiyo kitu."

"Mama Griffins, fikiria kidogo. Ni wanawake tano wamesimama bila kusonga. Hiyo kwangu ni jeneza tano." Na akacheka peke yake, akarudi kwa namba zake.

Siku ikafika, Jumamosi ya jua kali na upepo baridi kutoka mlimani, kama kawaida ya huku kwetu Kieni. Nilikuwa nimesimamisha mahema matatu uwanjani kwa Mzee Mutahi. Wageni wa Mweiga wakaja na nyimbo, wakazuiliwa getini, wakaimbishwa, wakafunguliwa. Mchele wa Mwea ulikuwa unanukia hadi barabarani. Mbele ya hema kubwa, juu ya meza iliyofunikwa kitambaa cha kanisani, paliwekwa televisheni, na ndani ya televisheni alikuwa Theuri na suti ya bluu, pazia jeupe nyuma yake. Akasalimia. Akapunga mkono. Kina nyanya wote nao wakaipungia televisheni, mmoja akauliza kama amekula.

Yalifuata maombi, kisha hotuba, kisha maombi ya kubariki hotuba. Ilichukua saa nzima na zaidi. Wazee wawili walisinzia. Mimi mwenyewe nilijikuna mara tatu. Ila Theuri alikaa wima, kidevu juu, tabasamu dogo mdomoni, hata kope hakupepesa. Wanawake wa meza yangu wakaanza kumsifu.

"Ona vile ametulia. Amerika imemfunza heshima."

"Wetu wa hapa hawezi kukaa hivyo dakika tano bila kuangalia simu."

Nami nilimsifu moyoni, nikafikiria mwanangu Griffins, ambaye hawezi kutulia hata kwenye choo. Najionea aibu kwa hiyo sifa mpaka leo.

Kisha Mzee Mutahi akasimama na wanawake watano wakaletwa. Walifunikwa leso, moja juu ya nyingine, wakapangwa mbele ya ua wa miiba ya mkaiyaba, karibu hatua kumi kutoka nilipokuwa. Kingori akaigeuza kamera ikawatazama. Aliinamia laptopu yake kama kuku anayedonoa, na niliona anavyofurahi. Namba ya kinachotoka ilikuwa imeshuka vizuri sana.

"Theuri," Mzee Mutahi akasema kwenye kipaza sauti, "mke wako yuko hapa. Tuonyeshe."

Sauti ikatoka kwenye spika. "Ni huyo wa pili, Mzee."

Leso zikatolewa, na chini yake akatokea Tata Njoki, akacheza mduara mzima akiwa ameshika kiuno. Tulicheka mpaka viti vikalia. Faini ya mbuzi ikatajwa, na hiyo ndiyo raha yenyewe; kosa moja linatarajiwa, tena asiyekosea anashukiwa kwamba alinong'onezwa jibu.

"Jaribu tena, kijana wangu."

"Basi wa nne."

Wa nne akafunuliwa, naye alikuwa jirani mnene aliye futi tano kwa shida. Ngendo ni mrefu, nimesema. Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kimepungua, na nikasikia mtu nyuma yangu akiuliza mwenzake kama Theuri amesahau hata urefu.

"Mara ya mwisho," Mzee Mutahi akasema. Alikuwa ameacha kutabasamu.

"Huyo wa kwanza sasa. Lazima awe wa kwanza."

Wa kwanza alikuwa Shiku, msichana wa nyumba ya pili, akiwa na simu yake mkononi hata ndani ya leso. Hakuna aliyecheka. Macho yote yalikuwa kwenye televisheni, yakingoja Theuri aonyeshe aibu au huzuni, chochote kile. Yeye aliendelea na lile tabasamu lake dogo.

Kinuthia, kaka mkubwa wa Theuri, alikuwa mwepesi. Akanyakua kipaza sauti. "Wazee, tusameheane. Shida si kijana wetu. Shida ni hii picha. Watu wote wanajua huyu Kingori anabana data mpaka watu wanakuwa matope. Ndugu yangu anaona ukungu tupu huko."

Hema lote likamgeukia Kingori. Tata Njoki, ambaye bado alikuwa anahema kutokana na ile densi, akamwambia kwamba amemharibia mtoto siku yake kwa uchoyo, na kwamba mtu anayeweza kubania maharusi anaweza kubania hata watoto wake chakula. Kingori akawa mwekundu masikioni. Kwa muda mfupi tu niliona usoni mwake aibu ya kweli, maana alijua maneno hayo si uongo. Alikuwa amebana. Aliahidi kope na hakufungulia hata robo.

Akainama haraka ili afungue sasa, wakati maji yameshamwagika. Na alipoinama, macho yake yakaangukia ile namba ya pili, ya kinachoingia.

Akatulia. Akasogeza pua karibu na kioo. Halafu, nasema nilichokiona, akatabasamu. Binti wa watu alikuwa amesimama pale chini ya leso baada ya mchumba wake kumkosa mara tatu, na huyu bwana alitabasamu kwa sababu amepata pa kutokea.

"Mzee," akasema kwa sauti ya kufika barabarani, "hii kitu si mimi. Huyu mtu amekuwa sita saa nzima."

"Sita ni nini?" Mzee Mutahi akauliza.

"Namba yake, Mzee. Wakati wa salamu alikuwa mia mbili, sawa. Lakini angalia hapa, tangu maombi ya kwanza ni sita. Mtu akikaa tu anapumua ni mia na hamsini. Maiti ni tisa. Huyu ni sita."

"Unasema Theuri amekufa?"

"Nasema hiyo ni picha. Amejipiga picha akaiweka hapo. Hakuna mtu hapo, Mzee. Hata marehemu wa Kiganjo alikuwa ananila data kuliko huyu."

Mtu mmoja wa Mweiga alicheka kwa woga, akajinyamazisha. Kinuthia akakirudisha kipaza sauti mezani. Ndipo sauti ikatoka chini ya leso za wa tano, ikiwa imezibwa na vitambaa lakini kila mtu akaisikia.

"Theuri, pungia mkono."

Kwenye televisheni, suti ya bluu, pazia jeupe, tabasamu dogo.

"Ngendo," spika ikasema, "network ya hapa iko chini kidogo."

"Sauti inafika vizuri. Pungia tu."

Mkono haukuinuka. Hapo ndipo tuliposikia kitu ambacho labda kilikuwepo saa zote, ila nyimbo zetu zilikuwa zikikifunika: pii, pii, pii, ile sauti ya gari la kubeba mizigo likirudi nyuma.

"Niko kazi," Theuri akasema mwishowe. "Walikataa kunipa ofu. Sikutaka kuaibisha wazee, nikaona heri nisalimie kwanza, kisha niache picha hapo nikimbie kazi, na mimi nasikiliza kwa simu. Nilikuwa nasikia kila kitu, Ngendo. Hata maombi."

"Na ulikuwa unachagua aje?"

"Si hiyo ni ya kuchekesha watu tu? Nilijua nikitaja taja, mwisho nitakupata. Mbuzi nitalipa."

Kwa desturi bibi arusi hajifunui mwenyewe. Ngendo alijifunua. Alizitoa leso moja moja, akazikunja vizuri mara nne, kama mtu anayezirudisha dukani, akampa Tata Njoki. Uso wake ulikuwa umelowa na ameuinua. Hakuitazama televisheni wala hakumtazama Kingori. Akaingia nyumbani akafunga mlango. Mzee Mutahi akasema maneno mafupi, kwamba kiande hakikatwi leo, na wageni wa Mweiga wasimame wakazungumze kando. Walizungumza. Nyama ilikuwa imeshaiva, na juu ya jambo hilo wazee wa pande zote mbili walielewana haraka kuliko yote waliyoyazungumza mwaka mzima.

Mnadhani Kingori alijificha baada ya hapo? Alivuma. Wiki hiyo yote pale hotelini tunapokunywa chai alisimulia jinsi alivyomnasa Theuri na sita, na kila aliposimulia, yeye alizidi kuwa mwerevu na hema likazidi kuwa kubwa. Nilihesabu, mara ya nne lilikuwa na watu elfu mbili, na mimi ndiye niliyelikodisha, viti vyangu ni mia tatu. Wapo waliomlaumu, wakasema angenyamaza, kazi mtu anafanya kwa shida kule, na msichana angezoea. Lakini wengi walimsifu. Wazazi wawili wenye vijana ng'ambo walimletea simu zao awapimie watoto kama ni wazima. Akatoa tena ile rangi ya kijani, akaongeza chini ya yale maandishi ya mlangoni: TUNATAMBUA PICHA BANDIA.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, mchana, Ngendo akaja. Alikuwa na koti lake jeupe la kazini, kalamu mfukoni. Nilikuwa ndani kwa Kingori nikimdai kebo yangu ya umeme. Nilitaka kutoka, Ngendo akaniambia nikae, Mama Griffins, hakuna siri.

Kingori alidhani amekuja kushukuru. Akamfutia kiti kwa mkono wa shati.

"Uliweka ile video?" Ngendo akauliza.

"Niko nayo. Haijachukua nafasi yoyote, nimeibana vizuri."

"Nataka kuiona. Pale tulikuwa tumesimama."

"Ya nini sasa? Yule mtu tulimshika."

"Najua mlimshika. Nataka kujua kitu ingine. Kama angekuwa hapo kweli, amekaa, anaangalia, angenijua?"

Kingori akafungua laptopu, kwa fahari, nasema kweli, akairudisha mpaka mahali penyewe. Tukawaona wanawake watano mbele ya ua. Ua ulikuwa rangi moja ya kijani iliyopakwa, na leso zilikuwa zimeingiana pembeni, maua yake yamekuwa madoa. Tata Njoki akafunuliwa, akacheza, na kipande cha densi yake kikabaki hewani. Wa nne akafunuliwa. Theuri akasema wa kwanza. Shiku akatokea na simu yake. Wakati huo wote wa tano alisimama pale wima, bila mkunjo wa leso hata mmoja kutikisika.

"Ona," Kingori akasema. "Wewe ndiye ulitulia kuliko wote. Kazi safi kabisa."

"Rudisha."

Akarudisha. Wa pili, wa nne, wa kwanza. Wa tano wima kama nguzo ya stima.

"Kingori, hapo nilikuwa nalia."

Hakumwelewa. Akamtazama, nadhani kwa mara ya kwanza tangu niwajue wote wawili, kisha akaitazama skrini.

"Kuanzia huyo wa nne," Ngendo akasema. "Nilikuwa natetemeka mpaka magoti. Nilikuwa najishika tumbo ndani ya leso ili nisianguke. Nilidhani watu wote wananiona."

Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake siku ile, na sikumwona, kwa sababu nilikuwa natazama televisheni.

Kingori akarudisha tena bila kuambiwa. Akasogea karibu, akapitisha kidole juu ya ile leso, kiboksi kwa kiboksi, akitafuta. Akaenda mbele polepole, akarudi nyuma polepole. Leso haikusonga. Alifungua mahali alipoweka mipangilio yake, akaisoma, midomo ikicheza, akaifunga.

"Ilikuwa ndogo," akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Mtambo ikiona mtingisiko ndogo, inatupa. Ni mimi niliiambia itupe. Sikujua... ilikuwa ndogo, Ngendo."

Ngendo akasimama, akaifunga laptopu kwa kiganja, taratibu, bila hasira.

"Haikuwa ndogo," akasema.